MOSHI WA JIKONI SI SHARTI LA UPISHI

Watu wa Ufipa twasifiwa kwa hewa yetu. Mgeni apandaye kutoka Bonde la Rukwa, ambako joto ni kali, akifika huku juu huvuta pumzi ndefu na kushukuru. Nchi yetu iko juu, upepo ni mwingi, viwanda ni vichache, na magari yetu si kama ya Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba habari za hewa chafu ni za watu wa mijini, wala hazituhusu sisi wa Mwazye. Naona fikira hiyo si kweli. Mtu havuti hewa ya mlimani. Huvuta hewa ya mahali alipo. Na mama zetu, dada zetu na wapishi wetu, kwa saa nyingi za kila siku, wapo jikoni.

Yafaa kwanza tujue kilichomo ndani ya moshi. Kuni zikiwaka vibaya hutoa chembe ndogo sana, ambazo unene wake ni kama sehemu moja katika 30 ya unywele. Pua haiwezi kuzizuia. Hushuka mpaka ndani ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nyumba zisizopitisha hewa vizuri, chembe hizo zaweza kuzidi kiasi kinachofaa mara 100. Lasema pia kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yaliyoletwa na moshi wa majumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walizidi 237,000. Maradhi yenyewe ni homa ya mapafu, maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na kifua kisichopona. Basi mtoto abebwaye mgongoni wakati mama yake anapuliza moto huvuta moshi ule ule, na mapafu yake ni machanga.

Kuna hatari nyingine ambayo haina moshi, nayo yatuhusu sana katika baridi ya Juni na Julai. Watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Mkaa uwakao hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mwili ukakosa pumzi huku aliyelala hana habari. Tafadhali, wazazi na wanafunzi wenzangu, baridi ya usiku ipigwe kwa blanketi, si kwa mkaa.

Wako watakaosema kwamba moshi ni desturi, na kwamba babu zetu waliishi nao. Na wajue kwamba hata mataifa makubwa yaliwahi kusema hivyo. Desemba 1952 mji wa London ulifunikwa muda wa siku 5 na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe, na moshi mwingi ulitoka katika meko ya nyumba za watu. Watu wapatao 4,000 walihesabiwa kuwa wamekufa kwa ajili yake, na wachunguzi wa baadaye walisema idadi ilizidi hapo. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Hewa Safi, na watu wakaanza kuacha meko ya zamani. Desturi ilibadilika kwa kuwa watu walikubali kuibadili.

Tena babu zetu hawakuwa watu wa kupenda moshi bure. Hapa Ufipa walifua chuma katika malungu, yale matanuru marefu ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, ambayo mabaki yake bado yaonekana. Malungu hayakuhitaji mivukuto. Hewa ya moto ilipanda juu kwa urefu wa tanuru, na hewa mpya ikavutwa kuingia kwa matundu ya chini. Hiyo ndiyo kazi ya dohani! Ikiwa wazee wetu walijua kuupandisha moto kwa urefu wa udongo, sisi tuliofundishwa fizikia twashindwaje kujenga dohani ya matofali juu ya jiko la mama?

Kadhalika wazee walikuwa na kilimo cha intumba. Majani hayakuchomwa, yalifukiwa kwa jembe katika matuta ya duara, yakaoza, yakawa mbolea. Leo, kila kiangazi kikija, twaona mistari ya moto vilimani na moshi umetanda siku nzima. Achomaye majani huchoma mbolea yake mwenyewe, kisha huenda dukani kununua nyingine.

Husemwa pia kwamba moshi hukausha mahindi ya mbegu na kufukuza wadudu. Hilo ni kweli. Basi mahindi na yaning'inizwe juu ya moto, lakini mtoto asilazwe hapo. Husemwa tena kwamba gesi ni ghali na kuni ni za bure. Hapa sikubaliani. Kuni twaziita za bure kwa sababu hatuhesabu saa za mama na dada wanaozifuata mbali, katika nchi ambayo miti yake imekuwa michache. Lakini ni kweli kwamba fedha ya kujaza mtungi hutakiwa yote kwa mara moja, na mkulima huipata wakati wa mavuno tu. Kwa hiyo si haki kumlaumu mtu ambaye hana.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati hiyo. Serikali imekwisha kuagiza pia kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Shule zetu zimo katika hesabu hiyo. Shauri langu ni kwamba wazazi walifanye jambo hili kuwa ajenda ya mkutano wao, na jiko la shule liwe la kwanza kubadilika, ili kijiji kijifunze kwa kuona.

Lakini tusikae tukingoja. Yako mambo yasiyotaka fedha, ambayo kila nyumba yaweza kuyaanza wiki hii. Kwanza, kuni zikaushwe na kupasuliwa vipande vyembamba, maana kuni mbichi ndizo mama wa moshi. Pili, maharage yalowekwe tangu usiku. Yataiva upesi, na moto utawaka kwa saa chache. Tatu, jiko liwe na matundu ya hewa pande mbili, moja juu karibu na paa, na watoto wadogo wasikae ndani wakati wa kupika. Nne, mifuko na chupa za plastiki zisichomwe kamwe, wala zisitumiwe kuwashia moto, kwa sababu moshi wake una sumu. Majani na maganda yaingie shimo la mboji.

Na neno moja kwa wavulana wenzangu. Kazi hizi si za dada zetu peke yao. Kupasua kuni, kufyatua matofali ya dohani na kutoboa dirisha la jiko ni kazi zinazotufaa sana wakati wa likizo. Mwanafunzi ajuaye sababu za homa ya mapafu kwa ajili ya mtihani tu, kisha akangoja ugali nje huku mama yake akitoka machozi ndani, elimu yake bado haijafika nyumbani.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne