Maziwa Hayaoshi Mapafu

Baba mfanyakazi, na wewe mama unayefua salopeti yake, leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya maziwa.

Hapa Lubumbashi, muulize mtu anayeshinda kwenye vumbi la mawe anavyolinda kifua chake. Mara nyingi atakujibu: "Mimi nakunywa maziwa." Wazee walisema hivyo, na vijana wanaoponda mawe wanasema hivyo bado. Maziwa ni chakula kizuri, hatumkatazi mtu. Lakini maziwa hupita njia ya chakula na kwenda tumboni. Vumbi limepita njia ya pumzi. Hayo mawili hayakutani hata siku moja.

Sasa angalia vumbi linafanya nini huko liliko.

Waliofanya kazi ya shaba wanalijua jiwe la R.S.C., lile gumu lenye matundu-matundu, linalokaa kati ya tabaka mbili za madini. Lina silika nyingi. Ukilitoboa pasipo maji, vumbi unaloliona likiruka si lile baya kuliko yote. Lile baya macho hayalioni: punje zake ni ndogo kuliko sehemu 1 ya 100 ya milimita, nazo zinafika mpaka vifuko vya mwisho vya mapafu.

Huko kuna askari. Ni chembe hai za mwili wako zinazomeza kila kigeni. Élie Metchnikoff alizitambua kazi zake mwaka 1882, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Zile kubwa huitwa makrofaji. Makrofaji ikimeza mdudu wa ugonjwa, humfungia katika kifuko chenye asidi na kumyeyusha. Ikimeza silika hujaribu vile vile, lakini jiwe haliyeyuki. Kifuko kinapasuka, na vitu vikali vilivyomo vinamwagika ndani ya chembe.

Hapo vipande vya protini vilivyokuwa vimetawanyika vinaungana, vinakuwa kama king'ora. Jina lake ni NLRP3. Mwaka 2008 wataalamu, pamoja na wale wa Jürg Tschopp kule Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba silika ndiyo inayoamsha king'ora hicho, na asbesto pia. King'ora kinaamsha protini nyingine inayokata kama kisu. Hiyo inamkata mjumbe aitwaye intalukini-1, aliyekuwa amefungwa; naye anatoka nje ya chembe kuita askari wengine kutoka damuni. Mahali pale panavimba na kuwa na moto, kama kidole kilichochomwa na mwiba.

Moto huo wenyewe si adui. Mwiba ukitoka na wadudu wakifa, makrofaji hula maiti za askari wenzao, kisha hutuma wajumbe wengine wa kusema: basi, tulieni, zibeni kidonda. Kwa silika neno "basi" halina nafasi. Askari anakufa, jiwe linatoka zima, askari mwingine analimeza, naye anakufa. Wa kuita vita na wa kuziba kidonda wanapiga kelele pamoja, na kovu linapanda juu ya kovu. Mapafu yanakuwa magumu. Hiyo ndiyo silikosi. Haina dawa ya kuiponya, na inaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Tena humfungulia mlango kifua kikuu, maana walinzi wenyewe wamechoka.

Basi mimi nasema wazi: mkubwa wa kazi anayekupa maziwa mahali pa maji ya kutobolea anakudanganya, hata kama hajui. Mambo haya si mapya. Mkutano wa mataifa juu ya silikosi ulifanyika Johannesburg mwaka 1930! Maji kwenye mashine, hewa safi chini ya udongo, ndivyo vinavyotangulia. Masiki ya kuchuja vumbi inafuata, nayo ibane uso vizuri. Kitambaa cha shingoni ni cha jasho tu. Na usifagie vumbi kavu. Limwagie maji kwanza.

Mama, salopeti usiikung'ute ndani ya nyumba wala mbele ya watoto. Iloweke kwanza, ndipo uifue. Afadhali ibaki kazini, kama kuna mahali pa kuifulia.

Kikohozi kikipita majuma 2, nenda hospitali. Munganga akikutazama, mwambie ulifanya kazi gani na kwa miaka mingapi, hata kama uliiacha zamani. Katika picha ya kifua, silikosi na kifua kikuu vinaweza kufanana, na asipojua habari ya vumbi hatalifikiria.