Vimondo vya Masika na Daftari la Shule

Katika nchi za kaskazini, vimondo vya Aprili na Mei hutajwa kuwa vya majira ya kuchipua. Nkende, wilayani Tarime, haina majira hayo. Miezi hiyo ni ya masika, na mara nyingi mawingu hufunika anga. Lakini kudhani kwamba elimu ya vimondo haiwahusu wakazi wa Mara ni kosa.

Manyunyu ya vimondo yafikiayo kilele karibu na tarehe 6 Mei hutokana na vumbi la nyota-mkia ya Halley. Huonekana kana kwamba yanatoka kwenye kundi la nyota la Ndoo, ambalo kwa Nkende huchomoza mashariki baada ya saa 8 usiku na kupanda juu kabla ya mapambazuko. Uingereza huliona chini tu, alfajiri ikiwa imekwisha kuingia. Usiku wa mawingu kutawanyika, mwanafunzi wa Tarime ana nafasi bora zaidi.

Vumbi hilo huteketea lote angani. Vimondo vikubwa, ving'aavyo kupita nyota zote, ni jambo jingine: hutokea wakati wowote, na baadhi huangusha mawe. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe la namna hiyo lilianguka Ivuna, kusini-magharibi mwa Tanganyika. Ziliokotwa takriban gramu 700 tu. Mawe ya jamii yake ni adimu mno, na humomonyoka yakilowa maji. Udongo ulioletwa mwaka 2020 na chombo cha Japani kutoka sayari ndogo iitwayo Ryugu umeonekana kufanana nayo sana. Lau lisingeokotwa mapema, mvua zingeliharibu, na hazina hiyo isingejulikana.

Kwa hiyo yafaa kila shule iwe na daftari la vimondo. Ndani yake iandikwe saa, upande wa dira, kimo kutoka upeo wa macho, na sekunde zilizopita hadi mshindo kusikika. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hupima nyuzi 10 hivi. Daftari la Nkende pekee litaonyesha upande tu. Likilinganishwa na la Mugumu na la Musoma, mistari itakutana na kuonyesha mahali pa kutafuta.

Yawezekana walimu wakasema kwamba shule hazina darubini. Darubini haihitajiki hapa, kwani kimondo hupita kwa sekunde chache. Kinachohitajika ni macho yaliyozoea anga na kalamu iliyo tayari, kabla mvua ya masika haijalitangulia jiwe.