Sukari ya Mlango wa Nyuma

Mapema mwaka 2024 mvua za El Niño zilijaza maji mashamba ya miwa, viwanda vikakwama, sukari ikaadimika Tanzania. Serikali ikatangaza bei elekezi: shilingi 2,700 hadi 3,200 kwa kilo, kutegemea mkoa. Dukani mtaani kwetu niliambiwa imekwisha. Jioni mwanangu akarudi na kilo moja kutoka duka lile lile. 5,000, imefungwa kwenye gazeti, imepitishwa mlango wa nyuma.

Sina ugomvi na mchuuzi. Anayefuata mzigo mbali, akalipa nauli na kubeba hasara ya njiani, faida ni haki yake. Huyu wa dukani hakufuata chochote. Mifuko ilikuwa stoo tangu bei ya zamani. Kazi yake ilikuwa kuifungia mpaka tuishiwe. Huo ni ulanguzi, hata kama muuzaji ni jirani tunayesali naye.

Na aliyeumia zaidi si mimi. Mama anayeuza uji kituo cha daladala alipunguza sukari, wateja wakalalamika. Akapandisha bei ya kikombe, wakapita bila kusimama. Wiki mbili sufuria lake liliegemea ukuta, limefunikwa kanga.