SACCOS yenu haihitaji kinyota

Wateja wangu wengi hapa Mwanza ni shule binafsi, SACCOS na wenye maduka. Nikikabidhiwa kikoa kilichosajiliwa na fundi mwingine, mara nyingi nakuta kwenye rekodi zake za DNS mstari unaoanza na kinyota. Maana yake ni kwamba jina lolote litakaloandikwa mbele ya kikoa hicho, hata kama hakuna aliyewahi kulianzisha, lipelekwe kwenye seva ileile. Karibu kila mara naufuta, na mteja huuliza kwa nini.

Kinyota chenyewe si haramu. Kimo kwenye kanuni za DNS za mwaka 1987, na wapo wanaokihitaji kweli. Mwenye jukwaa linalompa kila mfanyabiashara ukurasa wake hawezi kuongeza rekodi kwa mkono kila mama ntilie anapojisajili. Kwa kinyota, jina jipya linafanya kazi papo hapo. Tangu Machi 2018, Let's Encrypt hutoa bure hata cheti cha usalama kinachofunika majina yote hayo kwa pamoja.

Sasa SACCOS yenye tovuti moja na barua pepe chache, kinyota ni cha nini? DNS ikiulizwa jina, hutoa anwani yake au husema jina hilo halipo. Wengi huliona jibu hilo la pili kama hitilafu, kumbe nalo lina kazi: mwanachama aliyekosea herufi anajua kakosea, na mtambo wa barua unajua mtumaji anatumia jina la uongo. Kinyota hulifuta jibu hilo.

Dunia ililiona hili waziwazi tarehe 15 Septemba 2003, pale Verisign, wasimamizi wa .com na .net, walipoweka kinyota juu kabisa ya vikoa hivyo. Kila aliyekosea jina akajikuta kwenye ukurasa wao, Site Finder. Vichujio vilivyokuwa vikikataa barua taka kutoka vikoa visivyokuwepo vikapofuka, maana ghafla kila kikoa kilionekana kipo. ISC, watengenezaji wa programu ya BIND, wakatoa haraka marekebisho ya kulipuuza jibu la kinyota hicho. ICANN, shirika linaloratibu mfumo wa majina ya mtandao, ikaja juu, na tarehe 4 Oktoba huduma ikazimwa.

Kwa kikoa kidogo hatari ni ya karibu zaidi. Kinyota kikielekezwa kwenye huduma ya pamoja kama GitHub Pages, mtu baki anaweza kudai jina lisilotumika chini ya kikoa chako. GitHub wenyewe wanaonya dhidi ya kinyota cha namna hiyo. Tapeli akifungua ukurasa wa “mikopo”, mwanachama ataona jina halisi la SACCOS yake kwenye kivinjari, na ataandika namba ya siri bila wasiwasi.

Hata fundi mwenyewe hutegwa. Duka la mtandaoni linapatikana kwa jina la “duka” kwa sababu tu ya kinyota. Siku moja fundi anaweka rekodi ya TXT kwenye jina hilo ili kuthibitisha umiliki, na duka linapotea. Kinyota hujibia tu majina yasiyo na rekodi yoyote. Jina likishapata rekodi yake, hata ya maandishi tu, kinyota hukaa pembeni, na anwani ya duka haipo tena.

Ukitengenezewa tovuti, dai orodha ya majina yote yaliyo hai chini ya kikoa chako, na kila jina linakwenda wapi. Ukiona kinyota, muulize fundi kinamhudumia nani. Akisema amekiweka ili asisumbuke baadaye, mwambie asumbuke tu, maana ndiyo kazi unayomlipa.