Mashine ikiwa saidia fundi, fundi wa kesho atatoka wapi?

Kwenye nyumba inayojengwa hakuna anayeanza na mwiko. Kijana huanza kama saidia fundi: huchota maji, huchanganya zege, husogeza matofali, hupanda jukwaani na ndoo begani. Anatumwa huku na huko, lakini jicho lake linasoma. Anaona fundi anavyoning'iniza timazi, anavyogonga tofali lililopinda mpaka likakaa sawa. Siku fundi akichelewa, yeye ndiye anayepanga kozi mbili tatu. Ndivyo ufundi unavyohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Ofisini nako wapo akina saidia fundi, ingawa hawaitwi hivyo. Mwandishi mgeni katika chumba cha habari hupewa taarifa ndefu azifupishe na habari za mashirika ya nje azitafsiri. Mwanasheria kijana humtafutia wakili wake kesi zilizokwisha kuamuliwa. Mhasibu mpya hulinganisha hati za malipo na taarifa ya benki, mstari kwa mstari. Kazi hizi zinachosha na malipo yake ni madogo, lakini humo ndimo mtu anamojifunza kuliona kosa kabla hajaonyeshwa.

Sasa kazi hizo zimepata mshindani. Tangu kampuni ya OpenAI ilipoitoa ChatGPT Novemba 30, 2022, akili mnemba zalishi, ile inayotunga maandishi, picha na hata programu za kompyuta kwa kuagizwa, inafupisha, inatafsiri na kuandika rasimu kwa sekunde chache. Hiyo ni orodha ya kazi za saidia fundi.

Mjadala mwingi umekuwa juu ya taaluma zitakazokufa. Hapo tuwe watulivu. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, alishauri mafunzo ya madaktari wa radiolojia yasitishwe, kwani ndani ya miaka mitano, pengine kumi, mashine ingewashinda kusoma picha. Miaka mitano imekwisha kupita na hospitali bado zinawatafuta. Taaluma ni kikapu cha shughuli nyingi. Ukitoa chache, kikapu hakibaki kitupu.

Takwimu nazo zinataka kusomwa kwa utulivu huo. Januari 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilikadiria kuwa karibu asilimia 40 ya ajira duniani zitaguswa na akili mnemba: kama asilimia 60 katika nchi tajiri, na asilimia 26 katika nchi za kipato cha chini. Lakini kuguswa si kufutwa. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilieleza mwaka 2023 kwamba kazi nyingi zitabadilika badala ya kutoweka, na kwamba zilizo hatarini zaidi ni za ukarani, ambazo hufanywa sana na wanawake. Makatibu muhtasi wetu wana haki ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu.

Hofu yangu iko kwingine. Taaluma inaweza kubaki hai huku mlango wa kuiingilia ukifungwa. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichambua kumbukumbu za mishahara za Marekani. Waliona kuwa ajira za vijana wa miaka 22 hadi 25, katika kazi zinazofikiwa zaidi na akili mnemba, zilishuka kwa asilimia 13 zikilinganishwa na kazi nyingine, ilhali wakongwe wa kazi zilezile hawakutikisika. Marekani si Tanzania wala Kenya, na uchumi una sababu nyingi. Hata hivyo mantiki yake inaeleweka: mashine imelishwa yaliyoandikwa vitabuni, na hayo ndiyo mhitimu anayokuja nayo. Mkongwe ana yale yasiyoandikwa.

Wapo wanaosema mashine itakuwa mwalimu wa wanagenzi, nao wana ushahidi. Utafiti wa Erik Brynjolfsson na wenzake juu ya wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000, uliotolewa 2023, ulionyesha kuwa waliosaidiwa na akili mnemba walitatua matatizo mengi zaidi kwa saa, na walionufaika kupita wote ni wageni wa kazi. Hoja hii ni nzito. Lakini wageni hao walikuwa wamekwisha kuajiriwa. Mashine iliwanyanyua waliokuwa ndani. Aliye nje ya geti haikumfungulia.

Na kazi ya mashine inahitaji fundi wa kuikagua. Juni 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, ambazo hazikuwahi kusikilizwa popote. Anayeinusa kesi ya uongo ni yule aliyewahi kuzichambua za kweli kwa mkono wake.

Tunaambiwa zitakuja kazi mpya. Zimekwisha kuja. Mapema 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya ukatili, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Ukiacha ujira na majeraha ya moyo, kibarua kile hakikuwa na mwiko mwishoni.

Yapo ya kufanya. Mwajiri anayeokoa muda kwa mashine autumie sehemu ya muda huo kufundisha: kijana aandike rasimu yake kwanza, ndipo ailinganishe na ya mashine mbele ya mkongwe. Vyuo virefushe mafunzo kwa vitendo na kuwahoji wanafunzi ana kwa ana. Vyama vya taaluma navyo visingoje serikali. Waandishi wa filamu wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, wakapata mkataba unaozuia kampuni kuwalazimisha kutumia akili mnemba. Hawakuipiga marufuku mashine. Waliweka masharti ya kuishi nayo.

Kwa kawaida mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mhasibu, mhariri au mfasiri mwenye miaka 50 leo ana miaka kumi ya kumwandaa atakayekalia kiti chake. Mtu huyo yumo mjini sasa hivi, anazunguka na bahasha ya vyeti, akiulizwa kila anapobisha hodi kama ana uzoefu.