Tusiwafanye Abiria Rehani

Tarehe 15 Januari 2024, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ndege za abiria za Kenya Airways hazitaruhusiwa tena kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Kisa ni kwamba Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania kibali cha kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine, ile ambayo wenye kazi yao huiita haki ya tano. Haki hiyo haikuombwa kama sadaka. Ilikuwamo katika hati ambayo nchi hizi mbili zilitiliana saini Novemba 2016, na Tanzania ilikwisha kununua ndege ya mizigo, Boeing 767, iliyowasili mwaka 2023.

Nasema wazi: Kenya ilikosa. Haifai kutia saini, halafu mwenzio akileta ndege ndipo uanze kutafuta visababu. Huko ni kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini dawa tuliyoichagua nasi ilizidi ugonjwa. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekwisha kukata tiketi, au mzazi anayemfuata mwanawe chuoni Nairobi, hakuwapo mezani mwaka 2016. Mawaziri wa mambo ya nje wakazungumza, Nairobi ikatoa kibali, na marufuku ikaondolewa hata kabla ya tarehe 22 kufika. Basi kama simu na kikao vilitosha, kwa nini vilingoja tangazo?

Wala hii haikuwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa Julai 2020, wakati wa korona, Kenya ilitoa orodha ya nchi ambazo raia wake wangeingia bila karantini. Tanzania haikuwamo. Tukawafungia Kenya Airways, kisha kampuni nyingine tatu za Kenya, mpaka Septemba.

Wakubwa wa dunia nao hugombana kwa ajili ya anga. Katika mkutano wa anga wa Chicago mwaka 1944, Marekani ilitaka milango iachwe wazi na Uingereza ikataka kila safari ipimwe. Wakaachana bila kuafikiana juu ya nauli. Mwaka 1946 walikutana Bermuda, wakakubali kwamba kampuni zipendekeze nauli na serikali ziidhinishe. Miaka 30 baadaye Uingereza iliona mkataba unampendelea mwenzake. Ilitoa notisi ya mwaka mmoja, ikarudi mezani, na Julai 1977 mkataba mpya ukatiwa saini. Walibishana mpaka dakika za mwisho, lakini ndege hazikusimama. Mwaka huohuo sisi tulikuwa tunaizika East African Airways, kampuni yetu ya pamoja na majirani.

Na maziko hayo ndiyo asili ya woga wetu. Wapo Watanzania wanaohofu kwamba tukifungua anga, kampuni kubwa ya jirani itaimeza yetu changa. Hofu hiyo siidharau, mtoto hulindwa. Ila ulinzi usio na mwisho anaulipia abiria. Serikali mbili zikipanga kampuni ngapi ziruke na mara ngapi kwa wiki, zimekwisha kupanga pia uchache wa viti, na viti vikiwa haba nauli hupanda. Nairobi na Dar es Salaam ni mwendo wa saa moja na kitu tu hewani! Soko la pamoja la anga la Afrika lilipozinduliwa Januari 2018, nchi 23 zilijiunga, Kenya na Rwanda zikiwamo. Tanzania haikuwamo.

Waheshimiwa mnaotuwakilisha katika vikao vya mikataba ya anga, tunawaomba mambo machache. Chapisheni mikataba hiyo tuisome. Andikeni ndani yake kwamba mwenye lalamiko atatoa notisi ya miezi, na kwamba shauri litapelekwa kwa mwamuzi. Na aliyekwisha kulipa nauli yake aachwe asafiri mpaka siku ya mwisho ya notisi hiyo.