Mchoraji Naye ni Mfanyakazi

Mtu asimamaye Michenzani, penye mzunguko wa barabara, na kuyatazama yale majumba marefu yaliyonyooka, huona jasho la wananchi waliobeba mchanga na kuchanganya saruji. Ni haki kuwakumbuka. Lakini kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa palikuwapo karatasi na kalamu. Mpango wa mji uliochorwa mwaka 1968 na mtaalamu wa Ujerumani ya Mashariki, Hubert Scholz, ndio uliotangulia ujenzi mkubwa wa Ng'ambo. Hakuna asemaye kwamba mchoraji wa ramani ya nyumba hakufanya kazi.

Leo tunataka kuwasemea wachoraji wa aina nyingine, ambao kazi yao ingali ikihesabiwa kuwa mchezo. Hao ni vijana wetu wanaojifunza usanifu wa michoro, yaani fani ya kupanga herufi, picha na rangi ili ujumbe umfikie mtu kwa haraka na bila ya kumpotosha.

Kazi za mwanafunzi wa fani hii ni nyingi na za namna mbalimbali. Asubuhi huchora nembo ya chama cha ushirika cha akina mama wakulima wa mwani. Mchana hupanga kurasa za kijitabu cha afya. Jioni hujaribu pakiti ya karafuu au mdalasini, na usiku huwaza bango la tamasha au mji na pindo za kanga. Wako wazee wanaomtazama na kutikisa kichwa, wakimkumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Kwa heshima zote, tunasema kwamba hapa methali hiyo haikupata mahali pake. Seremala atengenezaye mlango, kitanda na sanduku hakushika matatu, ameshika useremala. Kijana huyu naye ameshika jambo moja tu, nalo ni kumfanya msomaji aelewe.

Wala jambo hilo si dogo. Bibi aliyetoka shamba kumpeleka mjukuu wake hospitali huhitaji kibao chenye herufi kubwa na mshale ulio wazi. Asipokiona, huzunguka ukumbini na mtoto mgonjwa mgongoni. Karafuu njema iliyotiwa katika mfuko usio na jina huuzwa kwa bei ya kutupa, na faida humwendea yule aitiaye katika pakiti nzuri ng'ambo ya bahari. Hata dola yenyewe husema kwa herufi. Yalipotokea Mapinduzi ya mwaka 1964, stempu za zamani zenye sura ya Sultani zilipigwa chapa ya neno Jamhuri, na kila aliyepokea barua alijua kwamba utawala umebadilika.

Kanga zetu nazo zinatupa funzo. Tangu karne ya 19 mji huu umekuwa miongoni mwa vitovu vya vazi hilo. Hata leo kila mwanamke ajua pindo, mji na jina la kanga. Jina la mfanyabiashara nalo latambulikana: ni wachache katika pwani hii wasioyajua maneno Mali ya Abdulla, alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina ya Mombasa iliyoanza mwaka 1887. Lakini ni nani aliyechora lile korosho, lile nanasi, lile ua? Mwenye duka ameachiwa jina lake juu ya nguo, mchoraji amesahauliwa.

Hatutaki vijana wetu wafikwe na hayo. Mara nyingi mwanafunzi huitwa achore bango au nembo, hukesha siku tatu, kisha huambiwa kwamba malipo yake ni kujulikana. Anayesema hivyo humlipa fundi wa mabomba, humlipa mpiga chapa, humlipa hata mwenye gari lililochukua mabango. Ni mchoraji peke yake anayetakiwa kushiba shukurani, na shukurani hazilipi nauli ya daladala.

Sheria haikosekani. Zanzibar inayo Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, nayo inalinda kazi za sanaa. Kinachohitajika ni mazoea mema, na mazoea hayo hayana budi kuanzia katika ofisi za umma. Tunawaomba wakuu wa idara na mashirika wafanye mambo matatu. Kwanza, wampe mchoraji maelezo ya maandishi: ujumbe ni upi, wasomaji ni nani, na kazi inatakiwa lini. Pili, waweke fungu la kumlipa, hata likiwa dogo, na malipo yatajwe kabla ya kazi kuanza. Tatu, jina lake liandikwe katika kijitabu au bango, kama liandikwavyo la mpiga chapa.

Wanafunzi nao wana wajibu. Kunakili mchoro wa mtu kutoka katika kompyuta na kubadili rangi zake si usanifu. Kibao chenye Kiswahili kibovu ni aibu kwa mji unaosifika kwa lugha yake. Na asiyeshuka ngazi za nyumba yake kwenda Darajani kumsikiliza muuza viungo hataweza kumchorea pakiti itakayomfaa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana hawa wanacheza kwao. Wakinyimwa tuzo hapa, watatafuta uwanja mwingine, nasi tutabaki kununua kwa wageni, kwa fedha nyingi, picha ya nyumba yetu wenyewe.